Mweupe wa Kizimba cha Nne

Jumatatu, 7 Julai 1986

Ukungu hadi saa nne. Nimesafisha vizimba kabla ya kipindi cha kwanza. Sabuni hakuna, nimetumia majivu. Vidole vimepasuka. Pumba zimebaki nusu debe. Mwenye mashine ya kusaga alikuwa anazitupa, sasa anaziuza. Siku hizi kila kitu ruksa kuuzwa, hata takataka.

Mwalimu Mkuu kapita dirishani: "Mama Panya, watoto wako wamekunywa chai?" Darasa zima likacheka. Ana shahada na miaka ishirini na minane. Mimi nimesoma kwa posta, kwa kibatari, mtoto mgongoni. Nimeendelea kuandika ubaoni.

Jumanne, 8 Julai

Ni kweli. Mhadhiri wa chuo kikuu atapanda huku Suji mwezi ujao, anapitia kazi za walimu wa sayansi wilaya nzima. Mwalimu mmoja atapata nafasi ya chuo kikuu bila cheti cha kidato cha sita. Mwisho miaka arobaini. Ninayo arobaini. Mwakani sitakuwa nayo.

Nilicho nacho ni panya. Naandika tena ili nisijidanganye. Madume wa kahawia niliwanasa mwenyewe kwenye ghala la shule. Nikawapima kwanza kwa majike weupe: watoto wote kahawia, hakuna weupe uliojificha katika damu yao. Ndipo shemeji Elinaja akawapiga eksirei hospitalini anakofanya kazi, Jumapili baada ya ibada, wakiwa wamefungwa kwenye kikapu. Sasa wamerudi kwa majike weupe. Kila mtoto lazima awe kahawia. Akitokea mweupe, basi mionzi imevunja kitu kwenye mbegu ya baba.

Wazungu walishafanya haya zamani, kwa panya maelfu kwa maelfu, wakapata wachache wa kuhesabika. Mimi nina vizimba sita vya madebe. Kwa hesabu nitapata sifuri. Naendelea.

Alhamisi, 10 Julai

Kizimba cha nne, watoto saba. Wekundu, hawana hata unyoya. Sikuwagusa wala kuwachungulia sana. Ukiwasumbua wachanga, mama anawala. Kizimba cha pili, akiba yangu ya weupe kwa weupe, jike naye kazaa. Sita.

Jumamosi, 12 Julai

Pembe imelia alfajiri. Msaragambo, kazi ya wote, kijiji kizima kuzibua ndiva. Bwawa hilo limejaa tope, mashamba ya chini hayapati maji. Asiyekwenda anatozwa faini, uwe mwalimu usiwe mwalimu.

Mama mkwe kabaki na vizimba. Nimemwambia awape pumba kwa juu, asifungue. Nimebeba tope hadi alasiri. Mgongo hauna kazi tena. Nimerudi nimelala na udongo miguuni, sikuhesabu chochote.

Jumapili, 13 Julai

Jike wa kizimba cha pili kala watoto wake wote. Baridi hii, na pumba tupu, sishangai. Kizimba cha nne: saba. Afadhali.

Nimefoka kuhusu kizimba cha pili.  Mama mkwe kachukua kibuyu kaenda kukamua mbuzi.

Jumamosi, 19 Julai

Mmoja ni mweupe.

Nimemtoa nje kwenye mwanga. Mweupe, macho bado yamefumba, hayana weusi chini ya ngozi. Ndugu zake sita kahawia. Nimemrudisha. Nimemtoa tena.

Baba mwingine haiwezekani, kizimba kina kufuli na ufunguo ninao shingoni, isipokuwa siku ile ya msaragambo. Jike hajawahi kuzaa mweupe kwa dume huyu. Idadi ni ileile niliyoandika alipozaa. Saba wakati ule, saba leo. Nimetafuta kosa, sikuliona.

Sikula. 

Jumatatu, 21 Julai

Nimemwambia Mwalimu Mkuu. Nilitaka kunyamaza, nikashindwa, nilitaka aione sura yangu. Akaja mwenyewe kwenye vizimba, akachuchumaa na suruali yake ya mtumba yenye pasi. Hakuniita Mama Panya. Kasema, "Mwalimu Nakunda, hii ni kubwa."

Nimefurahi. Naandika hivyo maana sijaliandika neno hilo muda mrefu.

Ijumaa, 1 Agosti

Mwalimu Mkuu kateremka Same, ofisi ya elimu. Karudi jioni na habari kwamba kamkuta mhadhiri kule na kamweleza yote. "Kazi yetu," ndivyo alivyosema. Yetu! Yeye alikuwa wapi nilipokuwa nagombania pumba na wenye nguruwe?

Hata hivyo mhadhiri anakuja Jumatano. Anataka kumwona mweupe kwanza.

Nimeanza kuhesabu nitaondoka na nini. Masanduku mawili. Mume wangu yuko kwenye shamba la mkonge, yeye atarudi au hatarudi. Mama mkwe atabaki na nani? Hilo sikulimaliza.

Jumanne, 5 Agosti

Imekwisha.

Nilikuwa uani nampima uzito mweupe kwa mzani wa maabara. Mama mkwe anachambua maharage ya makande. Kainua macho, kacheka.

"Mtoto wangu huyo amenenepa."

"Mtoto wako yupi, Mama?"

"Huyo mweupe. Si mimi niliyemnyang'anya yule mchawi wa kizimba cha pili? Alikuwa ameshamaliza watano."

Siku ya msaragambo. Nilikuwa nimemwachia ufunguo. Alikuta jike anakula wanawe, akafungua, akamwokoa mmoja. Kwenye kizimba cha nne akaona mtoto mmoja kafa. Akamtoa aliyekufa, akamsugua yatima kwa majani machafu ya kiota kile ili mama mpya asimkatae, akamweka. Ndivyo anavyofanya kwa mwanambuzi aliyefiwa. Nimemwona mara nyingi, akimpaka mkojo wa mbuzi mwingine na kumbembeleza anyonye. Anajivunia. Yatima wake hajawahi kukataliwa.

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ungegomba. Wewe hesabu ikipungua mmoja, nyumba nzima hatuli kwa raha. Nikasema kheri hesabu itimie."

Ilitimia. Ndiyo maana sikuuliza kitu.

Nimetoka nje nikakaa kwenye jiwe la kufulia. Hasira, halafu hata hasira ikachoka. Nikapiga hesabu nyingine. Panya huyu ukimzalisha na weupe atazaa weupe, awe wa mionzi au awe yatima. Mimi sina kipimo cha kuwatofautisha. Hakuna atakayejua. Tunajua wawili, na mmoja hajui anachokijua.

Nikarudi. Nikamwambia kesho mgeni akiuliza, asitaje habari ya yatima. Kaacha maharage.

"Kwani nilikosea?"

Nikainama kuchambua maharage yake. Akasema, "Basi mwanangu, nitanyamaza. Kama ndivyo utakavyokwenda kusoma, nitanyamaza." Na angenyamaza kweli, hilo ndilo lililonimaliza.

Jumatano, 6 Agosti

Mhadhiri kafika mchana, viatu vimejaa vumbi la barabara ya mlimani. Mtu mpole. Hakukaa. "Yuko wapi mweupe?"

Mwalimu Mkuu akaninyooshea mkono kama mwenye harusi. Mama mkwe alikuwa mlangoni na birika, chai ya rangi, sukari ya kuazima. Midomo kaifumba mpaka imekunjamana.

Nikasema aliwekwa. Ni wa kizimba kingine, alichanganywa kwa makosa. Mionzi sifuri, kati ya watoto mia moja thelathini na sita.

"Nani alimweka?"

"Vizimba ni vyangu. Msimamizi ni mimi."

Mwalimu Mkuu akatazama paa. Mhadhiri akapitia vizimba vyote, akauliza maswali mazuri, nikayajibu. Mwisho kasema, "Mama, kwa idadi hii hata mimi ningepata sifuri." Akanywa chai. Akashukuru kwa sukari.

Si kwamba nilisema kweli kwa sababu mimi ni mtu mwema. Nilimwona Mama mkwe na midomo yake, nikajua nitaiona kila siku chuoni.

Jumatano, 13 Agosti

Nafasi imekwenda kwa mwalimu wa Kihurio mwenye majaribio ya mpunga. Ana miaka ishirini na sita. Nimeumia. Leo Mwalimu Mkuu kapita dirishani: "Mama Panya, hamjambo wote?" Nikamjibu hatujambo, tunazidi kuongezeka. Darasa likamcheka yeye.

Elinaja kasema dawa ya kusafishia picha imekwisha hospitalini na nyingine haijulikani lini. Eksirei imefunikwa shuka.

Jumapili, 17 Agosti

Ukungu. Ibada, kisha makande.

Nimemkabidhi mama mkwe ufunguo wa vizimba, aushike yeye. Kauliza afanye nini mtoto akifa. Nimesema aniambie, sitagomba. Kanitazama kama asiyeamini, akaufunga kwenye pindo la kanga.

Mweupe nilimhamishia kizimba cha pili, pamoja na weupe wengine. Jioni nilipowapa pumba nilimtafuta. Wamejikunja pamoja kwa baridi, wote ukubwa mmoja. Sikumtambua.