Sindano ya Bakteria

3 Machi 1999

Mama, shikamoo. Goti linasemaje? Mimi mzima, baridi tu ndiyo inanionea. Na Bwana Mkubwa wangu wa miaka minne, anakusumbua?

Mama, hatimaye tumeiona! Bakteria wa kuhara damu ana sindano, sindano kweli. Chini kuna pete zilizojikita kwenye kuta zake mbili, juu yake mrija mwembamba wenye tundu, umejengwa kwa protini ya aina moja iliyopangwa kwa kuzunguka, kama ngazi ya mnara. Akigusa utumbo wa mtu, anachoma na kupitisha sumu humo. Profesa wetu alipiga kelele kama mtoto. Nikimaliza kazi hii nakuja kumchukua mwanangu.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu, marahaba. Goti linalalamika kuliko mimi. Na huyo mdudu wako, nani kamfundisha ushonaji? Mimi cherehani nilijifunza kwa makofi ya shangazi.

Bwana Mkubwa alianza kuharisha juzi, na damu kidogo. Usishtuke. Nilinunua vile vidonge vya kufunga tumbo, nikampa asubuhi na jioni, na choo kimekata kabisa. Amelala tu, tumbo limejaa kidogo, homa nayo itashuka. Bibi yake nipo.

Mama

1 Aprili (haikutumwa)

Mama, barua yako nimeipata leo, acha vidonge! Kuhara ndiko kunakowatoa wadudu. Ukimfunga tumbo umewafungia humo humo na sindano zao. Mpeleke hospitali leo hii. Simu ya dukani inaita tu, hapokei mtu. Nakuomba, Mama, mkimbize...

24 Machi (imefika 1 Aprili, jioni)

Mwanangu, sijui nianzeje. Bwana Mkubwa ametutoka. Tumemzika leo. Mwenye duka kasafiri, sina pa kupigia simu.

Hospitali nilimfikisha, nimechelewa. Nesi aliuliza kwa ukali, nani kampa vidonge? Nilinyamaza. Sili, silali. Wewe ndiye unayewajua hao wadudu. Niambie kweli: ni mimi?

Mama

4 Aprili

Mama yangu, shikamoo. Leo sikuulizi hali.

Nimelia mpaka sauti imekauka. Si wewe, Mama. Wala si vidonge. Mdudu huyu akishachoma, hata sisi huku hatumuwezi. Ulimlea mwanangu kuliko nilivyomlea mimi, na hilo linaniuma. Kula, hata kidogo.

Nesi akikuita, usiende. Na habari ya vidonge usimuulize mtu mwingine yeyote. Mimi ndiye ninayewajua wadudu hawa.

Mwanao