Leso za B.B.M.

Jumatano, Muhuru Bay

Bado nacheka. Mbunge wetu alishuka garini akitafuta leso zake viunoni mwetu, akazikuta zimetandikwa mchangani, omena, dagaa wetu wa ziwani, imeanikwa juu yake.

Alitugawia juzi, kila mama na yake, zimeandikwa B.B.M. kwa herufi kubwa: Barabara, Barafu, Maji. Uchaguzi uliopita alikuja na herufi hizo hizo, na mpaka leo samaki wetu wanaoza kwa kukosa barafu. Kwa hivyo tulikubaliana, hakuna kuvaa.

Akapaza sauti, "B.B.M.!" Sisi tukaendelea kugeuza omena.

Akanigeukia. "Mama, mbona mnanikosea heshima hivi?"

"Hatujakukosea, Mheshimiwa. Tumeipatia leso yako kazi."

Jirani yangu Mama Atieno alicheka mpaka akakaa chini. Mheshimiwa akarudi kwa gari bila kuhutubia.

Naogopa kidogo. Mwenyekiti wa bichi, huu ufuo wetu, ni mtu wake, kesho anaweza kutunyima mahali pa kuanika. Wacha ajaribu. Sisi tuko wengi.

Omena yangu imekauka vizuri, haina mchanga hata chembe. Miaka mitano mizima, na leo ndiyo B.B.M. imetusaidia.