Waya za Batri Nimezifunga Mwenyewe

Papa Furaha,

Tumusifu Yesu Kristu. Wewe huko unaitikia vizuri kuliko sisi.

Tulipomaliza matanga yako, mudogo wako Faustin alikuja akafungua zile waya nene za batri, akasema ni zake, alikuazima tu. Batri akaziacha. "Lakini shemeji, kama frigo haitembei mpaka juma ijayo, nazo ninakuja kuzibeba." Unajua ile frigo ndiyo inatunza samaki wangu wa kuuza kutoka Vitshumbi, na samaki ndio wanalisha watoto. Sikulia. Nilikuwa nimemaliza kulia.

Nilienda ku soko ya Birere nikanunua waya ya wachomaji wa vyuma, ile laini yenye nyuzi nyingi ndani, nene kama kidole gumba. Nikanunua na kose, vile vichwa vya shaba vya kufungia ku batri. Kose ya kwanza niliiponda na nyundo kama majani ya sombe. Nikaikanyaga, nikavuta: kichwa kikabaki chini ya muguu, waya mu mukono. Nikasikia sauti yako kabisa: "Mama Furaha, kose haipondwi, inafinywa!" Nikatafuta kifinyio chako chini ya kitanda. Ya pili niliivuta na uzito wangu wote, na unaujua. Haikutoka.

Mbele ya kufunga waya ku batri, nikakumbuka ulikuwa unavua pete. Nilikuwa nakuuliza, "Unaenda kuoa mwingine?" Unacheka: "Pete ikigusa pande mbili za batri, itachoma kidole mpaka mufupa." Yangu sikuwa nimeivua tangu siku ya ndoa. Papa Furaha... hapo ndipo ilikuwa nguvu kuivua. Nilifanya alama ya musalaba, nikaiweka mbele ya Bikira Maria. Nikafunga upande mwekundu kwanza, mweusi mwisho. Frigo ikaunguruma. Nikashika waya: baridi, haikupata moto. Pete nikairudisha ku kidole.

Jana Faustin alikuja na chukudu yake ya mbao, ya magurudumu mawili, na kamba za kufungia muzigo. Nikafungua frigo. Akaangalia barafu, akaangalia waya, akauliza ni nani alizitengeneza. "Ni mimi, shemeji." Akakohoa. Nikamufungia samaki wawili, chukudu ikarudi nao tu.

Pumzika, baba ya watoto wangu. Batri hazitoki mu hii nyumba nikiwa bado ninahema. Furaha na mudogo wake nitawafundisha kufinya kose, ili mutu asikuje tena kufungua waya zetu na kutuzimia mwangaza. Utuombee.

Mama Furaha wako