Feza, Nimezivaa Njuga

Feza,

Jana tulianua matanga yako bila mwili. Ulivuka mpaka kwenda Bukavu kumwona shangazi yako, vita vikakukuta huko, na waliokuwepo wanasema walikuzika harakaharaka, bila hata kukuosha, nyuma ya nyumba fulani mtaa wa Kadutu. Nyumba fulani. Nilisikia hilo nikaendelea kuchambua maharage. Bado sijalia, na watu wameanza kunitazama vibaya.

Mwili wangu umekuwa kama wa jirani. Chai ikiniunguza nagundua baadaye. Ile salle, ukumbi wa parokia hapa Kamembe, tulipokuwa tukifanya mazoezi ya kucheza, imejaa magunia ya msaada. Mimi nauza ndizi, narudi nyumbani, nalala.

Unakumbuka uliponiambia nilale sakafuni nicheze kwa tumbo? Tumbo! Mimi mama wa watoto wawili, niliyekuwa nikilificha hata kwa mume wangu. Tangu utotoni nilifundishwa mikono juu kama pembe za ng'ombe, hatua ndogo, uso wa kutabasamu. Ukanipigia kelele: "Shusha mikono, maman! Weye si ngombe!" Nilicheka hadi nikakaa chini. Halafu ukanifunga njuga miguuni, zile ambazo kwetu ni za wanaume, ukasema nikanyage. Nikakanyaga. Sijawahi kujisikia mkubwa namna ile. Lakini mchezo wetu hatukumwonyesha mtu, maana ulimwogopa mama yako.

Jana mama yako huyohuyo aliniomba nicheze ile ya heshima, ya mikono juu, kabla watu hawajatawanyika. Nikasimama. Mikono ikakataa kupanda. Usidhani ni ushujaa, ilikataa tu. Basi nikaingia chumbani kwako, nikatoka na njuga miguuni, nikalala chini uani mbele ya wakwe zangu na padri.

"Mwanamuke anavaa njuga namna gani?" alifoka baba yako mdogo. "Na hapa kwenye kilio!"

Mama yako aliniangalia kutoka kwenye mkeka. "Ni nani alikufundisha hii?"

Nikamwambia ni wewe. Nilidhani atanifukuza. Badala yake akasema, "Basi endelea. Onyesha vile mutoto wangu alikuwa anafanya."

Nikacheza mpaka mwisho, bila ngoma, kama ulivyopenda. Changarawe zilinichoma nyayo, na hilo nililisikia. Yeye alitazama magoti yangu, kiuno, mabega, hakupepesa macho.

Nilipomaliza aliagiza maji ya moto na kitambaa. Akanikalisha mkekani, akaniosha vumbi: miguu, mikono, shingo, taratibu. Wanawake wengine wakageuka pembeni. Nilijua anamwosha nani, nikalegeza mwili wote, nikamwachia.

Lala sasa, dada yangu. Jumapili nitarudi kwake nicheze tena. Na akitaka kuniosha tena, nitamwachia aoshe.

Wako,
Zawadi