Tairi Pana za Kibet

Ijumaa, 7 Machi
Madaftari ya darasa la sita. Chai imepoa. Taa ya mafuta ya gari imewaka tena. Petroli anayoweka mume wangu Kibet Jumatatu ilikuwa inatufikisha Jumamosi bila shida. Sasa hata Ijumaa tunaifikia kwa maombi. Kibet ananishusha shuleni hapa Kiplombe, anaenda dukani kwake Cheptiret, anarudi. Ndivyo anavyosema. Basi petroli inakwenda wapi?

Jumapili, 9 Machi
Mahubiri sikuyasikia. Nilikuwa namwangalia Kibet akiimba. Amependeza siku hizi. Yote yalianza na koito ya mdogo wake, siku tuliyopeleka mahari. Aliling'oa gari magurudumu yake, akatia rim kubwa zinazong'aa na tairi pana, ati msafara wetu usiaibike mbele ya wakwe. Watu walipiga picha nyingi na gari kuliko na bwana harusi. Koito ikaisha, rim zikabaki, na yeye bado ananyoa ndevu kila asubuhi. Anamnyolea nani?

Jumatano, 12 Machi
Nimemuuliza. "Labda hiyo petroli wameichanganya na maji," akasema, macho kwenye simu. Nina hasira mpaka chaki imenikatikia mkononi.

Ijumaa, 14 Machi
Taa imewaka. Jelagat, dada yake Kibet, alikuja kunisalimia, nikammwagia yote. Nikataja hata Timboroa, kwa sababu Kibet hufuata viazi huko mara moja moja na anayemuuzia ni mjane. Ushahidi sina. Jina lilinitoka tu mdomoni, na lilipotoka nikaliamini.

Jumapili, 16 Machi
Jelagat hana kifua. Baada ya ibada mama mkwe alituita kwake, tukakuta wazee wawili wa ukoo wameshakaa. Wakamuuliza Kibet, mbele yangu, kuhusu mwanamke wa Timboroa. "Kijana, sema tu, hapa ni kwenu," mmoja akamwambia. Kibet aliinuka. Kisha akaniwekea funguo za gari mapajani. "Wiki hii endesha wewe. Mimi nitapanda boda." Tulirudi nyumbani. Nilifurahi kidogo, na naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumatano, 19 Machi
Juzi nilijaza petroli ile ile ya kila wiki. Baada ya masomo naenda mpaka Cheptiret na kurudi, njia yake, sipiti kwingine. Nataka mshale wa petroli ubaki juu umshitaki. Lakini usukani ni mzito kuliko zamani, na gari linachelewa kuondoka kama ng'ombe anayevutwa asikotaka. Silali vizuri.

Ijumaa, 21 Machi
Taa imewaka. Mikononi mwangu.
Niliinama nikanusa chini ya gari kama linavuja. Wapi. Kijana wa tairi pale kwenye kituo cha mafuta alinicheka. "Madam, hakuna leak. Hizi rim ni nzito, na tairi ni pana sana. Engine inasukuma mzigo ukitoka tu kwa gate, ndio maana inakunywa petroli. Hizi ni za show." Nilikaa ndani ya gari, nikashindwa kuliwasha.

Jumapili, 23 Machi
Nimesema mwenyewe, mbele ya wazee wale wale, kwamba ni tairi, si mwanamke. Mama mkwe alicheka mpaka akajifuta machozi, akatumiminia mursik, maziwa yetu ya mgando. Wazee wakacheka. Kibet naye akacheka, ila alikuwa wa kwanza kunyamaza. Jioni alirudisha magurudumu ya zamani. Nilikuwa nampa nati moja moja. Nikamwambia anisamehe. "Ni sawa," akasema, akaendelea kukaza.

Jumamosi, 29 Machi
Petroli imetufikisha leo, na imebaki. Gari jepesi. Nyumba imetulia.
Siku hizi Kibet ananiambia kila anakokwenda. Dukani. Kwa kinyozi. Kwa jirani kuangalia ndama. Akirudi ananieleza alipita wapi na alimkuta nani. Simuulizi. Naumia zaidi kuliko nilipokuwa nashuku.
Asubuhi hii alikuwa anatoka kununua mkate hapo kwenye kona, kwa miguu. Akasimama mlangoni kwanza, akanitajia njia.
Nikasema, "Haya."