Nafasi ya Chiriku

3 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Hamjambo huko mlikohamia? Kifua cha wifi yangu kimepoa? Mimi mzima, ila miguu inavimba kwa kusimama. Siku hizi nafundisha madarasa mawili zaidi ya kazi yangu ya mwalimu mkuu.

Nyumba mliyopanga imeshavunjwa. Pale ulipoweka cherehani yako sasa ni shimo, wanajenga maegesho ya ghorofa jipya. Mtaa umependeza, sitasema uongo, taa zinawaka mpaka vichochoroni. Lakini waliohamia ni watu wawili wawili na mbwa wao. Wenye watoto wanawapandisha basi la shule ya kulipia mbele ya geti langu, na dereva hunipigia honi kunisalimia. Watoto wangu wa shule walikuwa wenu nyinyi mliofukuzwa na kodi ya nyumba.

Ruzuku inakuja kwa vichwa. Vichwa vikipungua, chaki zinapungua na walimu wanahamishwa. Ofisi ya elimu inasema darasa la sita likizidi kuwa dogo watalifuta, na likifutwa hilo, shule nzima inafuata.

Naomba jambo. Niletee binti yenu Chiriku akae kwangu amalizie masomo hapa. Chumba kipo, na mimi nimechoka kuongea na redio.

Dada yako

19 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Tunashukuru kusikia u mzima. Wifi yako bado anakohoa lakini hakubali kulala. Hiyo miguu iloweke kwenye maji ya chumvi, usijifanye askari.

Shule ya huku ni kinyume cha yako. Waliofukuzwa mjini wote wameshukia hapa kama sisi. Watoto wanaingia kwa zamu, na bado darasa la Chiriku wanakaa chini, wanaandikia magotini. Ruzuku inayokuja ni ya watoto waliokuwepo kabla yetu. Sisi wageni bado hatujaingia kwenye hesabu za ofisini. Mimi nashona sare mpaka macho yanauma.

Ila ujue hili. Chiriku alipata nafasi baada ya mama yake kushinda mlangoni kwa mwalimu mkuu wiki nzima. Yule mwalimu alituambia waziwazi, ukimtoa mtoto, mwingine anaingia siku hiyohiyo, usije kunililia.

Nilimuuliza mwenyewe. Akasema, "Kwa shangazi kuna madawati?" Nikamwambia yamejaa tele. Akaenda kufunga nguo zake.

Wewe ndiye uliyenilea baada ya mama kufariki, siwezi kukukatalia. Namleta Jumamosi. Lakini dada, yule ni mtoto, si kichwa cha ruzuku.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu zenu nimezipata, na wifi mwambie pole. Binti yenu hajambo, anakula vizuri. Wiki ya kwanza alinichekesha. Kila siku alikaa dawati tofauti, anasema anataka kuyaonja yote. Alinisimulia habari za huko kwenu mpaka nikasahau kuwasha redio.

Mwalimu wake wa hesabu amehamishwa. Sikuwa na mtu, kwa hiyo nimewaunganisha na darasa la tano kwa muda. Anarudia aliyokwisha kuyajua, lakini halalamiki. Siku hizi haongei sana. Nadhani anakua.

Dada yako

11 Mei

Dada,

Shikamoo, na pole na kazi. Sisi tunaendelea.

Nimesikia kwa watu wawili sasa kwamba shule yako itafungwa na kiwanja kimeshapata mnunuzi. Kama ni maneno ya mtaani, niambie. Kama ni kweli, niambie upesi zaidi. Kuna mtoto mmoja huku kahama na wazazi wake, na mwalimu mkuu amekubali kumrudisha Chiriku, mradi afike kabla ya mwisho wa mwezi. Mama yake ndiye aliyemwangukia tena. Hataweza mara ya tatu.

Chiriku alipiga simu Jumapili. Aliongea maneno machache, akampa mama yake pole ya kikohozi, akakata. Mtoto huyu tulimpa jina la ndege kwa kelele zake.

Mdogo wako

20 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini mko salama. Barua yako nimeisoma mara mbili.

Hakuna kilichoamuliwa. Wakaguzi wanakuja Julai, na afisa elimu ameniahidi kwamba tukishikilia idadi hii mpaka hapo, tuna mwaka mmoja zaidi. Sasa fikiria mwenyewe. Mwalimu mkuu akimtoa mtoto wa ndugu yake, mzazi gani atamwacha wake? Wiki hiyohiyo nabaki na kuta.

Nivumilie mpaka Julai. Sijawahi kukuangusha.

Dada yako

8 Agosti

Mdogo wangu,

Habari za siku nyingi? Wifi anaendeleaje? Umenyamaza tangu Mei, na sikulaumu.

Wakaguzi walikuja. Nilikuwa nimewapanga watoto, wamechana nywele, vitabu viko mezani. Hawakuingia hata darasa moja. Walizunguka uwanja, wakaniuliza maji taka yanatokea wapi, wakaondoka. Barua ya kufunga imekuja jana.

Mimi nimepangiwa shule ya huko kwenu, mwalimu wa kawaida. Nimekubali. Naomba unipokee mpaka nipate chumba, na nitakuja na Chiriku mwisho wa mwezi. Amefurahi. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akiimba tangu Machi.

Dada yako

21 Agosti

Dada,

Shikamoo. Tu wazima, ila wifi yako hasemi na mimi.

Njoo. Kwangu ni kwako, hilo usiliulize tena. Cherehani nimeitoa nje ya chumba, utalala na Chiriku.

Jana tulikwenda shuleni, mimi na mama yake. Mwalimu mkuu alitusimamisha dirishani tuone darasa la sita. Sakafu haikuonekana. Nikamwambia shangazi wa mtoto anakuja kufundisha hapahapa. Akasema, "Mwalimu namhitaji hata leo. Mtoto sina pa kumweka. Mwaka ujao mjaribu, lakini kuna waliotangulia." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka kama wewe.

Kwa hiyo asubuhi utakuwa unatoka wewe, yeye anabaki na mama yake.

Chiriku bado hajui. Nilishika simu mara mbili nikaiweka chini. Safari ya kuja huku ni ndefu, mtakaa kiti kimoja. Mwambie wewe.

Mdogo wako