Mazishi ya Mama wa Jenerali

Ekeregbene,
Jumatatu, baada ya mvua za kwanza.

Kwako kaka yangu Perekeme,

Nakuamkia kwa heshima ya mdogo kwa mkubwa wake. Heshima hiyo mama alinifundisha, na siwezi kuitupa hata kama mkubwa mwenyewe ameshaitupa zamani. U hali gani huko Abuja? Presha yako imetulia? Nimesikia daktari amekukataza chumvi. Sisi huku chumvi tunayo, kaka; tulichokosa ni samaki wa kuitia. Watoto wa upande wa chini wa kijiji wanakohoa, lakini wanacheza, na mchezo ni dalili ya uzima. Shangazi Boudiere anakusalimu. Anasema alikuona kwenye televisheni na shingo yako imepotea, hakujua kama ameiona vibaya au imezama kweli kwenye nyama.

Mizigo uliyotuma kwa ajili ya mazishi imefika salama. Ng'ombe wote wamefika, na maturubai, na jeneza la vioo, na ile mashine ya umeme inayonguruma kama mkubwa wa ofisi, na katoni za fulana. Nilizifungua mimi mwenyewe mbele ya wanawake wa ukoo. Nimeiona picha ya mama pale begani, ndogo kama kifungo. Na nimekuona wewe, umejaa kifua kizima na miwani yako nyeusi, na chini yako maandishi: MWANA WA MTO, SENETA WETU MTARAJIWA. Shangazi Boudiere aliigeuza fulana mbele na nyuma, kisha akauliza: "Jamani, hapa kafa nani? Timipa mama yenu au huyu?" Wanawake walicheka mpaka wakaketi chini. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu msiba.

Kaka, wewe ni mtu mwenye shughuli nyingi, na wenye shughuli nyingi husahau, kwa hiyo niruhusu nikukumbushe kidogo. Ulipoingia jikoni kwa mama na mume wangu Ebizimo, mmefunga vitambaa vyeupe kichwani, mlisema mafuta yaliyo chini ya nyayo zetu ni yetu. Mlisema ni aibu mtoto wa Kiijaw asome kwa kibatari ilhali moto wa gesi unawaka angani mchana na usiku kwa faida ya wengine. Ulipiga kifua ukasema afadhali uyanywe mafuta yale kuliko kuyaona yanalindwa. Mama alikuamini. Sote tulikuamini. Tuliwapelekea chakula kambini, huko walikokuita Jenerali, sufuria chini, mihogo mibichi juu, tukipita mbele ya askari huku tukiwatania. Mlipolipua bomba la mafuta, sisi ndio tuliolipia: askari walikuja na boti zao wakaichoma Ekeregbene nyumba kwa nyumba. Ebizimo ulimwacha kwenye mdomo wa hori la mto na bunduki ile kubwa, awazuie ili wewe upate kutoka. Ulitoka. Yeye tulimwokota kwenye mikoko. Sikulalamika, maana nilidhani ile ni vita, na vita ina watu wake wa kufa.

Kisha ukaja msamaha wa serikali. Mkapanga foleni kukabidhi bunduki kama wanafunzi wanaorudisha vitabu. Nilikuona umevaa suti ambayo mikono yake ilikumeza vidole, unapeana mkono na watu uliotuambia ni wezi. Mama alisema tungoje, pengine umeingia ndani ya nyumba ili utufungulie mlango. Tukangoja. Ulichofungua ni kampuni. Ukapewa kandarasi ya kulilinda bomba lile lile, dhidi yetu sisi sisi. Hapo ndipo nilipoelewa, kaka. Tulidhani mbwa anabweka kwa hasira, kumbe anabweka kwa njaa. Alipotupiwa mfupa akanyamaza, akalala mlangoni kwa aliyemtupia.

Hadi hapa hakuna usilolijua. Sasa nakuja kwa yale usiyoyajua.

Kiangazi kilichopita, vumbi la kaskazini lilipokuwa limefunika jua, bomba lilipasuka nyuma ya bwawa la samaki la mama. Mafuta yalipanda mpaka kwenye mizizi ya migomba. Vijana wako walifika upesi, hilo nawasifu. Ila hawakuja kuziba. Walikuja kuweka kamba, mtu asipige picha, na kutangaza kwamba sisi ndio tuliotoboa. Bomba limekula kutu tangu tukiwa watoto, kaka, na wewe mwenyewe ulikuwa ukituhutubia juu ya kutu hiyo. Wanawake tulikwenda kudai wakubwa waje waone. Mama alitangulia na fimbo yake. Kamanda wa kizuizi, kijana mmoja anaitwa Tokoni, mgeni kutoka mito ya mbali, alimwambia mama, "Bibi, rudi nyumbani ukapike."

Mama akamjibu, "Nipike nini? Haya mafuta yenu?"

Akavuka kamba. Tokoni akamsukuma. Mama alianguka kifudifudi kwenye tope lile jeusi, likamjaa puani na mdomoni. Mtu mmoja akapiga yowe: "We mpumbavu, huyo ni mama wa Jenerali!" Ungemwona kijana alivyobadilika. Alipiga magoti kwenye mafuta, suruali yake ya sare ikazama, analia: "Nisamehe mama, sikujua, wallahi sikujua."

Tulimwinua mama. Alitema, akajipangusa macho, akamtazama. Akamwuliza taratibu, bila ukali hata kidogo: "Hukujua nini, mwanangu? Kwamba kama ningekuwa mama wa mtu mwingine, ungeniacha hapahapa?"

Je, wewe unalo jibu lake?

Mama alinikataza kukupigia simu. Tangu siku ile kifua kilimbana, na usipopiga simu kwa wiki nzima alikuwa akisema una kazi nyingi. Ulipopiga ulimwuliza kama ni mzima, akasema ni mzima. Hukuuliza mara ya pili.

Alipofariki nilikusikia ukilia kwenye simu, na nakiri moyo wangu ulilainika. Nikasema moyoni, kumbe bado yumo humo ndani, kaka yangu. Kisha ukapenga kamasi, ukaniuliza kama helikopta ya gavana inaweza kutua uwanja wa shule. Ukaagiza mama akae mochwari Yenagoa mpaka chama chenu kimalize kuteua wagombea, ili wakubwa wote wapate nafasi ya kuhudhuria. Mama yako, Perekeme, alingoja kwenye barafu kama samaki wa kutoka nje, kwa sababu kalenda yako ilikuwa imejaa.

Sasa sikiliza. Siku za mwisho mama alinishika mkono akaniambia: "Mwanangu nimemsamehe. Lakini asinizike. Mimi si jukwaa, mtu asisimame juu yangu."

Basi kaka, mama tumeshamzika. Tulimzika Jumamosi.

Tulikwenda Yenagoa wanawake wa ukoo mzima, tumevaa vitenge vyeusi. Mlinzi wa mochwari alisema hawezi kumtoa, mwili huo ni wa Jenerali. Nikamwambia Jenerali hakumzaa huyu, amezaliwa naye, na mimi pia. Akafunga mlango. Tukakaa langoni tukaimba nyimbo za msiba, magari ya maiti wengine yakakosa pa kupita, mpaka msimamizi akatoka na jasho akisema, "Mchukueni, mchukueni! Nyie wanawake mtanifukuzia wateja."

Kwenye hori tulikutana na kizuizi chako. Ni Tokoni aliyesimama pale na bunduki. Akauliza tumebeba nini. Shangazi Boudiere akasema, "Tumembeba yule uliyemsukuma." Nilidhani atakupigia simu. Alivua kofia. Akashuka kwenye boti yetu, akatusaidia kupiga kasia mpaka nyumbani, na kaburi alilichimba yeye pamoja na vijana wa ukoo. Sare aliiacha kwenye tuta la udongo. Usimsake, ameshavuka mpaka, na hata mimi sijui ni mpaka upi.

Mama amelala ubavuni mwa Ebizimo. Alimzika mkwewe kwa mikono yake wakati wewe ulikuwa umejificha, na nadhani hatajali kuwa jirani yake.

Ng'ombe tumewachinja na watu wamekula. Tunashukuru, nyama ilikuwa laini. Kwa fulana zako tunafutia nyavu, na zinanyonya mafuta vizuri sana. Jeneza la vioo liko kanisani, tupu. Mchungaji anauliza kama akuhifadhie.

Usipoteze wino kunitishia. Nyumba yangu ilishachomwa mara moja, na mume wangu ulishamtumia. Sioni umebakiza nini cha kunichukulia.

Wasalimie wake zako na watoto, ambao sina ugomvi nao. Msalimie gavana, umwambie uwanja wa shule una tope. Ukitaka kuja kumwaga machozi, njoo kwa mtumbwi, bila bendi na bila miwani. Kaburi hatukulijengea wala hatukuliandika jina, na nyasi huku huota haraka, wajua. Wenyeji wote wanalijua lilipo. Itakubidi uulize njia, kaka, nyumba kwa nyumba, kwa watu uliowafungia kamba. Labda atatokea wa kukujibu.

Wako kwa damu, maana hiyo haiombewi ruhusa,

Alaere